Mtoto kalala na sare ya shule na shule hazijafunguliwa. Hii furaha wanaitoa wapi?

#1 Baba Wawili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Binti yangu wa mwisho katimiza mitano mwezi wa kumi, anaanza darasa la awali Januari hii. Fundi kaleta sare juzi, na tangu hapo nyumba haikaliki. Kaivaa sketi ya bluu kwenda kununua mkaa, kalala nayo, mama yake akitaka kuifua ni vita. Begi analivaa mbele, kifuani, kwa sababu mgongoni hawezi kuliona. Kila jioni analimwaga kwenye mkeka: penseli, kichongeo, kifutio chenye harufu ya ndizi, daftari la mistari mipana. Anavipanga, anavihesabu, anavirudisha kimoja kimoja. Nikishika penseli ananikata jicho: "Baba, kwani wewe unasoma la ngapi?"

Kinachonishangaza ni kwamba humu ndani hakuna aliyemsifia shule. Kaka yake yuko la nne na kila siku anarudi na malalamiko mapya: kafagia uwanja, kasimamishwa mbele, jua kali, hesabu hazieleweki. Dogo anayasikia yote na ndiyo kwanza anazidi kupagawa. Mke wangu anasema ni sare tu, angeshonewa hata ya mgambo angefurahi vilevile. Mimi nabisha.

Wenye watoto, na nyie mliowahi kuwa watoto, hii furaha inatoka wapi?

#2 Siti ya Dirishani

Nimeshakaa. Kahawa na kashata hapa tafadhali.

#3 Mwalimu wa Zamu

Nafundisha awali, shule ya serikali. Kila Januari nawapokea hawa.

Mtoto wa umri huo anadhani shule ni kitu cha siku moja, kama harusi. Unaogeshwa, unavalishwa, unaenda, unakula, unarudi, imeisha. Mwaka juzi nilikuwa na mmoja aliyeimba nyimbo zote, akacheza, akanywa uji vikombe viwili, saa ya kuondoka akanipa mkono kabisa: "Mwalimu asante, nimeshasoma." Kesho yake aliletwa mgongoni kwa mama anapiga mateke.

Wanaolia siku ya kwanza hawanisumbui, machozi yao yanakauka kabla uji haujapoa. Kazi ninayo kwa hawa wenye shangwe. Wao huanza kulia Jumatano. Mleta uzi, mwambie binti mapema kwamba ni kila siku mpaka Ijumaa, halafu Jumatatu tena.

#4 Kasuku Mbishi

> Mwalimu wa Zamu alisema: Mtoto wa umri huo anadhani shule ni kitu cha siku moja

Kwa heshima zote mwalimu, hapana. Huyu ana kaka la nne. Tangu azaliwe anamuona akitoka asubuhi na kurudi mchana. Anajua fika ni kila siku.

Furaha yake ni upweke. Tembea mtaani kwenu saa nne asubuhi siku ya shule uone: wakubwa wote hawapo, kabaki yeye, dada wa kazi na katuni zilezile alizoziona jana. Anafuata watu. Watoto wote wa mtaa wangekuwa wanashinda sokoni, angedai begi aende sokoni.

#5 Fundi Pindo

Mimi ni fundi cherehani na sare ndizo zinazonilisha mwezi huu, kwa hiyo nisikilizwe.

Shemeji yuko sahihi, ni sare. Mtoto wa la tano akiletwa kupimwa anasimama kama kaletwa polisi. Wa awali anakakamaa, mikono kaibana ubavuni, hapumui mpaka futi ya kamba itoke kiunoni. Mama anasema "fundi ongeza pindo, avae na mwakani", mtoto anakasirika kabisa kwa sababu anataka imkae leo.

Lakini siyo sare yote. Ni MFUKO. Nimewaangalia miaka na miaka: akiijaribu, kitu cha kwanza ni kuingiza mkono mfukoni, hata kioo hakitazami. Magauni ya nyumbani ya watoto wa kike hayana mifuko. Msimu uliopita mama mmoja aliniomba nisiweke mfuko apunguziwe hela. Mtoto alilia palepale kibandani mpaka mama akaongeza hela mwenyewe.

#6 Kasuku Mbishi

Fundi, kwa hiyo taifa zima linasoma kwa sababu ya mfuko 😂

#7 Fundi Pindo

Wewe ulikwenda kufuata nini?

#8 Kasuku Mbishi

Uji.

#9 Mzee wa Busati

Vijana, habari zenu.

Nyie mnaongelea mtoto aliyepata nafasi bila jasho. Sisi furaha ilitokana na kukataliwa. Zamani cheti cha kuzaliwa nani alikuwa nacho? Mwalimu anakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Vidole visipofika, rudi nyumbani kwa mama yako. Nilikataliwa mbele ya wenzangu wa rika moja, wao wakaingia. Nilishinda nikining'inia kwenye mpera nikidhani mkono utarefuka. Mwaka uliofuata nikashika sikio mpaka nikalivuta, mwalimu akacheka. Siku hiyo hata chakula sikula.

Hiyo ilikuwa 1974, mwaka wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote.

#10 Karani wa Kumbukumbu

Shikamoo Mzee. Ila UPE haikuanza 1974. Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974, na shule zikafunguliwa kwa wote wenye umri wa kwenda shule Novemba 1977. Kama ulikataliwa na kupokelewa kabla ya hapo, wewe uliingia wakati wa uhaba hasa.

Na lile la sikio halikuwa ushirikina. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mikono. Mikono inakuja kurefuka baadaye, na kwenye miaka sita au saba vidole vinafika upande wa pili. Ni kipimo cha kubahatisha, lakini pasipo na karatasi kilisaidia. Kenya na Uganda nao walikitumia.

#11 Kasuku Mbishi

Sasa wale wenye vichwa vikubwa walikaa nyumbani mpaka lini? Naulizia rafiki.

#12 Mzee wa Busati

Marahaba Karani. Azimio nilikuwepo, utekelezaji nilikuwepo, na 1977 nilikuwa darasani naletewa wenzangu wapya wenye ndevu zinazochungulia. Andika utakavyo.

Kasuku, rafiki yako huyo mwambie amezee.

#13 Mama Ntilie wa Stendi

Mnafurahia kuchambua furaha, mimi naihesabu kwa shilingi. Ada ilifutwa, sawa, tangu 2016 hatulipi. Lakini sketi mbili, shati mbili, sweta, viatu vyeusi, soksi nyeupe (nani alichagua nyeupe kwa shule yenye vumbi jekundu?), ufagio, dumu la maji, mchango wa uji. Mwanangu anaruka ruka na mimi nakaanga maandazi usiku kucha.

Jibu langu kwa mleta uzi: mtoto anafurahi kwa sababu ni mara ya kwanza ananunuliwa kitu KIPYA. Wa kwangu wa tatu maisha yake yote kavaa walivyoacha dada zake. Sare ya shule imeandikwa jina lake kwenye kola. Hataki shule huyo, anataka kisichowahi kuvaliwa na mtu.

#14 Baba Wawili

Mama Ntilie hapo umenigusa. Begi la binti ni jipya ila sketi ni ya binamu yake, fundi kaipunguza tu. Na bado kapagawa. Kwa hiyo sijui.

#15 Fundi Pindo

Sketi ya binamu ina mfuko?

#16 Baba Wawili

Ina mfuko 🤦🏾

#17 Fundi Pindo

Nimemaliza.

#18 Mtu wa Nakuru

Habari zenu ndugu. Huku kwetu Kenya wanaanza PP1, yaani awali ya kwanza, na miaka minne, PP2 mitano, ndio waende gredi ya kwanza. Wangu alipoanza PP1 alikuwa anaamka saa kumi usiku anauliza kama kumekucha.

Lakini mkidhani hiyo furaha ni ya watoto pekee, kumbukeni mzee Maruge wa Eldoret. Masomo ya msingi yalipofanywa bure Januari 2003, mwaka uliofuata akajiandikisha darasa la kwanza akiwa karibu miaka 90. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama watoto wengine.

#19 Karani wa Kumbukumbu

Kimani Maruge, miaka 84, mwaka 2004, shule ya msingi Kapkenduiywo. Aliingia kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kama mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Alifariki 2009.

#20 Mtu wa Nakuru

84 ni karibu 90 boss. Lakini shukrani. Hoja yangu ni kwamba yule mzee hakuwa mpweke, hakuwa anafuata mfuko, na alijua vizuri shule ni kila siku. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe na kuhesabu pesa zake. Alitaka kujua. Mbona hakuna mtu hapa amesema huenda mtoto anataka tu kujua?

#21 Kasuku Mbishi

Kwa sababu mtoto wa miaka mitano anadhani anajua tayari. Wa dada yangu "anasoma" gazeti la juma lililopita kwa sauti, limegeuzwa juu chini, na ukimkosoa anakwambia hujasoma.

#22 Bint Darajani

Assalaam alaykum.

Kwetu Unguja hiyo hamu ya skuli si kubwa hivyo, kwani mtoto keshazoea kukaa chini ya mwalimu. Anaanza chuo (madrasa) mapema, yuko na juzuu yake, anajua kusoma kwa sauti, anajua na bakora ilipo. Skuli ikija ni sehemu ya pili. Halafu maandalizi yenyewe ni miaka miwili kabla ya darasa la kwanza, basi mpaka afike huko keshachoka na nyimbo za herufi.

Wanangu mie furaha yao ilikuwa pesa ya mapumziko. Chuoni hupewi pesa, skuli unapewa. Mdogo alinambia wazi: "Mama, skuli kuna urojo getini." Basi mie nikashukuru ukweli wake.

#23 Siti ya Dirishani

Mpaka sasa tuna: mfuko, uji, urojo, upweke, kitu kipya, kukataliwa, kutojua kalenda. Endeleeni, kashata zipo.

#24 Shangazi wa Leipzig

Habari za huko nyumbani. Naishi Ujerumani na mwanangu alianza darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Niwape ya huku.

Wana kitu kinaitwa Schultüte, koni ya karatasi ngumu, ndefu kiasi cha kumfika mtoto kifuani, inajazwa pipi, penseli za rangi na vitu vya kuchezea, mdomoni inafungwa utepe. Desturi imeanzia huku huku mashariki, Sachsen na Thüringen, mwanzoni mwa karne ya 19, ndiyo ikaenea nchi nzima. Watoto walikuwa wakiambiwa kuna mti unaoota hizo koni, na zikishaiva ndiyo wakati wa kwenda shule umefika. Siku yenyewe ni Jumamosi, bibi na babu wanasafiri kuja, kuna keki, kuna picha. Masomo hasa yanaanza Jumatatu.

Mwanangu aliibeba kama anabeba mtungi. Nilichojifunza ni kwamba wakubwa ndio wanaoitengeneza hii furaha. Baba Wawili unasema hakuna aliyemsifia shule, lakini umemwita fundi, umenunua begi, umemwekea penseli. Mtoto haangalii maneno, anaangalia mnavyohangaika.

#25 Mama Ntilie wa Stendi

Koni ya pipi inamfika kifuani?! Na meno je? Huku tulipewa ufagio wa chelewa.

#26 Shangazi wa Leipzig

Hahaha, meno wanapigishwa mswaki. Lakini ufagio na wenyewe watoto wanaupenda, mimi nilikwenda na wa kwangu begani nikijiona askari.

#27 Dereva wa Alfajiri

Wa kwangu yuko ingilishi midiamu hapa Dar. Alikuwa na furaha isiyoelezeka miezi mitatu kabla. Tukajisifu mtoto anapenda elimu. Shule zilipofunguliwa ikagundulika anapenda KIBASI. Basi la shule la njano, kiti cha mbele karibu na dereva. Tulipohama nyumba ikawa anatembea dakika tano tu hadi shuleni, mapenzi yakaisha siku ileile. Mpaka leo anauliza lini tunahamia mbali.

Ingawa wale wa mbali nawaonea huruma. Kibasi kinapita kuwachukua saa kumi na moja alfajiri, watoto wanasinzia na hotipoti mapajani.

#28 Jirani Mnoko

Tuseme ukweli. Anafurahi kwa sababu hajaonja fimbo. Mpeni mwezi.

#29 Mwalimu wa Zamu

> Jirani Mnoko alisema: Anafurahi kwa sababu hajaonja fimbo

Awali hatuchapi. Na hata huko juu kuna kanuni za adhabu ya viboko za 2002: anachapa mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu yeye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Sisemi kila mahali inafuatwa, nasema ndivyo ilivyoandikwa.

#30 Jirani Mnoko

Mwalimu aliyenifundisha mimi hilo daftari alilitumia kunichapia.

#31 Baba Wawili

MREJESHO kama mlivyoomba kwenye meseji.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe. Getini kaniachia mkono bila kuaga, kaondoka na kaka yake. Nilibaki nimesimama na wazazi wenzangu, wawili wanalia, na siyo watoto.

Mchana karudi kakasirika. Kisa: mwalimu aliita majina, matatu matatu, la kwake, la kwangu na la babu. Nyumbani tunamwita Kadada tangu kuzaliwa. Akasikia hilo jina refu linaitwa mara kadhaa, akageuka na yeye kumtafuta huyo mtoto mkaidi asiyeitika. Mpaka kaka yake alipoitwa kuja kumwonyesha kwamba ni yeye. Jioni kakaa kwenye mkeka analirudia jina lake lote kimyakimya, na sasa anamrekebisha kila anayemwita Kadada. Mama yake yumo.

Jambo la pili. Huyu kaka mlalamikaji, kumbe kamwonyesha bomba lipi lina maji, choo kipi kina mlango, na mstari wa uji usimame upande gani uhudumiwe mapema. Yaani yale malalamiko yote dogo alikuwa anayachukua kama maelekezo ya safari.

Mwalimu, Jumatano ilipita salama. Alhamisi asubuhi akatangaza anaumwa homa ya goti.

#32 Mwalimu wa Zamu

Umechelewa siku moja tu kwenye ratiba yangu. Goti mpe pole, aje hivyohivyo.

#33 Kasuku Mbishi

Mmeona? Alikwenda akiwa na mtu, kaka. Hoja yangu ya upweke imesimama.

#34 Shangazi wa Leipzig

Imesimama wapi? Kajivunia jina. Shule ndipo mahali pa kwanza panapomwita kama mtu mzima. Hiyo ndiyo alikuwa anaililia siku zote na hakuwa na namna ya kuisema.

#35 Mtu wa Nakuru

Na anajifunza kulitamka mwenyewe, bila kulazimishwa. Anataka kujua. Nilisema.

#36 Fundi Pindo

Muulizeni anaweka nini mfukoni.

#37 Baba Wawili

Fundi nimekagua. Kichongeo, punje za mahindi, kizibo cha soda na kipande cha chaki ambacho natumaini kaokota.

#38 Bint Darajani

Chaki zote wanaiba, wangu walikuja nazo mpaka nikaandikia ukuta wa jikoni mahesabu ya duka.

Nyie wa bara, nisaidieni jambo. Ndugu yangu kahamia Morogoro, anataka kumpeleka mtoto bweni tangu awali kwa sababu ya kazi zao. Mtoto mwenyewe anashangilia, anasema atalala kitanda cha juu.

#39 Karani wa Kumbukumbu

Bint Darajani, mwambie asubiri. Mwaka 2023 ulitoka waraka wa elimu unaozuia bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne, na shule inayotaka kuwa nayo kwa watoto hao inahitaji kibali maalumu.

#40 Mama Ntilie wa Stendi

Na kitanda cha juu wanakojoa wa chini anateseka. Asiende.

#41 Mgeni Mpya

Habari wadau, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mwanangu anatimiza mitano mwezi wa nne. Kaona wenzake wameanza, kagoma kula, anataka shule. Anaweza kupokelewa sasa hivi shule ya serikali?

#42 Mwalimu wa Zamu

Karibu. Awali tunaandikisha mwenye miaka mitano. Nenda na cheti cha kuzaliwa, au tangazo la kizazi au kadi ya kliniki kama cheti hakijatoka, uongee na mwalimu mkuu. Kuna shule zina nafasi, kuna zisizo nayo; darasa langu la mwaka huu limejaa mpaka mlangoni. Akikwambia asubiri mwakani, asubiri. Usimpunguzie wala kumwongezea umri, tunawajua.

#43 Kasuku Mbishi

Mzee wa Busati, njoo umpime huyu sikio.

#44 Mzee wa Busati

Mlete. Mpera upo.

#45 Mgeni Mpya

😂😂 Asante mwalimu, kesho naenda. Fundi, uko wapi? Kabla sijaenda kuandikisha nataka kujua sketi na shati unachukua siku ngapi, maana huyu hatalala.

#46 Fundi Pindo

Andikisha kwanza dada yangu. Nimeshashona za watu watatu waliokataliwa, wanazivaa nyumbani na mama zao hawataki hata kuniona.